Barua ya wazi kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), Wizara ya Afya, Bodi ya Maziwa na viongozi wa Nyanda za Juu Kusini: dawa ya kulainisha plastiki inaishia kwenye chakula cha watoto wetu

Waheshimiwa, shikamooni kwa wakubwa zangu, na habari za kazi kwa wengine.

Naandika nikiwa dukani kwangu hapa Mbeya. Nauza vifungashio, yaani makontena, vidumu, ndoo, vikombe, chupa na mifuniko yake, nailoni za kufungia, mipira ya kupitishia maziwa na mafuta, kila kitu cha plastiki ambacho mtu wa chakula anakihitaji mi ninacho, na kama sina nakiagiza Kariakoo kinapanda na basi la usiku. Wateja wangu ni akina mama lishe wa Mwanjelwa na Kabwe, wauza maziwa wanaoshuka kutoka Rungwe, watu wa mashine za alizeti wanaokuja mpaka kutoka Makambako, wenye vituo vya kulelea watoto, na wazazi tu wanaotaka kontena la mtoto kubebea chakula shule. Kwahiyo haya ninayoyaandika nayaona kaunta kila siku ya Mungu, sijasimuliwa na mtu.

Ombi langu nalitanguliza ili hata mwenye haraka asome hapa alipate: tunaomba mpime. Pimeni maziwa, mafuta, uji na viungo wanavyokula watoto wa mikoa hii muone vina kiasi gani cha kemikali za kulainisha plastiki, matokeo yatangazwe, na sheria ianzie kwa waagizaji na wazalishaji wakubwa kabla hamjamgusa mama mwenye sufuria barabarani.

Sasa nieleze kwanini.

Kuna mpira mweupe ule wa kuona ndani, unauzwa kwa mita. Muuza maziwa anaununua wa kunyonyea maziwa kutoka kwenye pipa au dumu kubwa kwenda kwenye vidumu vidogo, mtu wa alizeti anautumia kutoa mafuta kwenye tenki. Ukiwa mpya ni laini, unaukunja unavyotaka, unazungusha mkononi kama kamba. Mteja anaondoka nao, baada ya miezi kadhaa anarudi, kaushika ule wa zamani mkononi anataka nimkatie mwingine wa saizi ile ile. Huo wa zamani ukiupokea unashangaa, umekuwa wa njano, umekakamaa, ukijaribu kuukunja unagoma na wengine unapasuka kabisa pale pale kwenye kona. Mteja anasema "dada huu umechoka", namkatia mwingine, analipa, anaenda. Miaka yote ndo biashara inavyokwenda.

Binti yangu anasoma sayansi chuo, siku moja likizo alikuwa kakaa na mimi dukani akaushika mpira wa namna hiyo, akauliza, mama, ule ulaini umeenda wapi? Nikamwambia umechakaa. Akasema hapana, plastiki haichakai hivyo, ulaini wake ni kitu kabisa, kilikuwemo, kimetoka, na kilichopita humo ndani ni maziwa tu.

Nikaanza kumuuliza na kusoma nae, na nitajitahidi kueleza kama nilivyoelewa, wataalam mtanisahihisha lakini nimehakikisha.

Plastiki ya huo mpira inaitwa PVC. PVC yenyewe ni ngumu, ni ile ile ya mabomba magumu ya maji ambayo fundi anayakata kwa msumeno. Ili iwe laini kiwanda kinachanganya dawa inayofanana na mafuta, na sio kidogo, kwenye vitu laini sana inaweza kufika theluthi nzima ya uzito au zaidi. Kundi lililotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo linaitwa thaleti, na kwenye hilo kundi maarufu kuliko zote ni moja inaitwa DEHP. Shida ni kwamba hiyo dawa haijashikana na plastiki, imekaa katikati tu, kwahiyo inatoka pole pole, na inapenda mafuta kuliko maji. Ukipitisha maji inatoka kidogo, ukipitisha maziwa yenye malai au mafuta ya alizeti inatoka vizuri zaidi, ukiongeza na moto ndo kabisa. Halafu maziwa hayabadiliki rangi, hayanuki, hayabadiliki ladha. Mama anayachemsha kama tulivyofundishwa, vijidudu vinakufa, lakini hii kitu haifi kwa kuchemsha maana haijawahi kuwa hai.

Na mpira ni mmoja tu. Glovu laini za PVC wanazovaa watu wa kufungasha nyama na vitafunwa, nazo zina dawa hiyo hiyo, Wajapani waliligundua hilo miaka ya mwanzo ya 2000 kwenye vyakula vya boksi vya mchana wakakataza glovu zenye DEHP kushika chakula. Mfuniko wa chupa ya siagi ya karanga, ule ulio na kile kiduara laini ndani kinachobana usivuje, mara nyingi kile kiduara ni PVC laini na kinagusana na mafuta ya karanga wiki na wiki dukani. Zile nailoni za kunata za kufunikia nyama na jibini, baadhi ni PVC. Kitambaa cha plastiki cha meza ambacho mtu anasukumia chapati juu yake, nacho hivyo hivyo.

Hapa niseme ukweli kwa sababu najua wapo watakaosoma wakimbie kutupa kila kitu: sio kila plastiki ina hii dawa. Ukigeuza kontena chini kuna pembetatu na namba ndani. Namba 3 ndo PVC. Namba 5 ndo makontena mengi magumu ya chakula, namba 2 ndo madumu mengi, namba 1 ndo chupa za maji, hizo kawaida hazihitaji kulainishwa kwa thaleti. Lakini waheshimiwa, njooni dukani kwangu au duka lolote la soko mgeuze vikombe vya rangi rangi vile vya watoto, vingi havina namba, havina jina la kiwanda, havina neno hata moja la Kiswahili wala la lugha yoyote linalosema kama hiki kimetengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto au ni cha kuwekea vibanio vya nguo. Vingine ni plastiki ya kuyeyushwa upya, ilikuwa nini mwanzo hakuna anayejua. Na ndo hivyo hivyo vinavyojazwa uji.

Maana hapa kwetu ni baridi jamani. Mtu wa Dar hawezi kuelewa asubuhi ya Juni au Julai Uyole ikoje, au Mafinga, au Njombe, mtoto anaamka anatetemeka na kitu cha kwanza anachohitaji ni kitu cha moto tumboni. Nimepeleka mzigo kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto wakati wa uji, nikakaa nikaangalia. Uji umetoka jikoni unatokota, una maziwa, una karanga, uji mzuri kabisa, mpishi anachota na kata anamimina moja kwa moja kwenye vikombe vya plastiki vya rangi, vikombe vimekwanguka ndani vimefifia vimekuwa vyeupe vyeupe, kuna kimoja kilikuwa kimelegea kabisa mdomoni kikawa kama masikio kwa joto. Mtoto wa miaka mitatu kashika kwa mikono miwili anapuliza. Moto, mafuta na plastiki isiyojulikana, vyote vitatu vimekutana kwenye kikombe kimoja, na mpishi hana kosa hata chembe, hivyo ndo vikombe alivyopewa na mwenye kituo kanunua alichoweza.

Ukienda mtaani, supu ya moto kwenye mfuko wa nailoni. Mchemsho wa ndizi umefunikwa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke na uive haraka, mkaa bei juu. Mafuta ya kula ya kupima kwenye kijifuko. Mi siwalaumu, nawauzia, na najua hesabu zao.

Sasa kwanini watoto. Kwanza mtoto anakula sana kwa mwili wake, ukilinganisha kilo kwa kilo mtoto wa miaka miwili anakunywa maziwa na uji kupita mimi na wewe kwa mbali, kwahiyo kilichomo kwenye chakula kinamfika kwa wingi zaidi. Pili mwili wake bado unajengwa, na unajengwa kwa kufuata homoni, na hizi thaleti zinaingilia homoni, hasa zile za kiume. Kwa wanyama wa maabara hili limeonekana wazi kabisa, madume yaliyokuwa tumboni mama zao wakipewa DEHP yanazaliwa na viungo vya uzazi vyenye kasoro. Kwa binadamu, mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Shanna Swan walitoa utafiti unaoonyesha mama wajawazito waliokuwa na mabaki mengi ya baadhi ya thaleti kwenye mkojo, watoto wao wa kiume walikuwa na tofauti ya maumbile kwenye sehemu za siri inayoashiria homoni ya kiume ilipungua nguvu wakati wanaumbwa. Tafiti nyingine baada ya hapo zimegusa mambo ya kujifunza na tabia za watoto, pumu, unene. Nyingi ni za kuonyesha uhusiano, sisemi na sitaki mtu aninukuu nasema mtoto akinywa uji kwenye kikombe cha plastiki leo basi kesho anaumwa. Nasema ni mzigo wa kila siku, asubuhi mchana jioni, kwenye umri ambao mwili haurudii ujenzi.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2019 waliweka kikomo cha pamoja cha thaleti nne zikiwemo DEHP, maikrogramu 50 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 ina maana 600, ambayo ni kama punje kumi za chumvi laini ya mezani. Kwa siku nzima, vyakula vyote vikijumlishwa. Ndo kiasi tunachozungumzia, kidogo hivyo, kwahiyo hakuna mama duniani anayeweza kukiona kwa macho.

Na hapa ndo penye moyo wa barua yangu. Kila nikiongea na watu kuhusu hili jibu la kwanza ni "wazazi waelimishwe". Sawa, waelimishwe, lakini sikilizeni hii. Mwaka 2011 huko Marekani walichukua familia tano, watu 20, wakawapa kwa siku tatu chakula kibichi kilichopikwa bila makopo wala vifungashio vya plastiki. Wakapima mkojo. Mabaki ya DEHP yalishuka zaidi ya nusu, kwa siku tatu tu, kwa sababu mwili unazitoa haraka hizi kemikali, zisipoingia nyingine zinaisha ndani ya siku moja mbili. Habari njema sana. Ikaja mwaka 2013, mji wa Seattle huko huko Marekani, wakafanya na familia nyingine, wengine wakapewa karatasi ya maelekezo, wengine wakaletewa kabisa chakula kilichoandaliwa bila plastiki. Wale walioletewa chakula safi, DEHP ikapanda badala ya kushuka! Wakatafuta ndani ya vyakula, wakakuta unga wa giligilani una DEHP nyingi ajabu, na maziwa nayo yanayo. Yaani ilikuwa imeshaingia huko nyuma, kabla mpishi hajafungua mlango wa jiko. Wataalam wenye pesa, wenye maabara, waliokusudia kabisa kuikwepa, ikawapita. Sasa mama wa Ilomba anayenunua maziwa ya lita moja asubuhi, mtamuelimisha nini aweze kukwepa kilichoingia kwenye mpira kule yalikokusanywa maziwa?

Ndo maana nasema mpime, na mpime huko juu.

Kupima kunaleta vitu ambavyo hakuna aliyevitafuta. Taiwan 2011 mtaalam wa maabara ya serikali alikuwa anatafuta dawa haramu kwenye unga wa bakteria wazuri wa kusaidia tumbo, akaona alama ngeni kwenye mashine, angeweza kuipuuza maana sio aliyotumwa. Hakuipuuza. Ikaja kuonekana ni DEHP, wasambazaji walikuwa wanaitia makusudi kwenye mchanganyiko wa kufanya juisi zionekane nzito badala ya mafuta ya mawese kwa sababu ni rahisi, na ilikuwa imeingia kwenye juisi, jeli na vinywaji vya watoto nchi nzima. Miaka watu walikunywa. Bila yule mtu kupima wangekuwa wanakunywa mpaka leo.

Sisi tuna Mkemia Mkuu wa Serikali, ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. TBS mna ofisi ya kanda hapa. Na tangu 2019 kazi ya usalama wa chakula ilitoka iliyokuwa TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikaja kwenu TBS, kwahiyo anayepaswa kuulizwa anajulikana. Sampuli sio lazima ziwe elfu, anzeni na maziwa ya vituo vya kukusanyia Rungwe, Njombe na Iringa, chukueni kabla hayajapita kwenye mpira na baada ya kupita, hiyo peke yake itasema mengi. Chukueni mafuta ya alizeti yakitoka kwenye kinu na yakiwa kwenye kidumu sokoni. Chukueni uji kwenye sufuria na uji ule ule ukishakaa kikombeni. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Viungo vya kusaga. Matokeo mkiyapata msiyafungie kwenye ripoti ya Kiingereza, yabandikeni sokoni na kwenye kliniki za watoto kwa Kiswahili.

Kwa mipira ya maziwa sioni hata haja ya kusubiri majibu. Ipo mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, ya silikoni na mingine, na zipo ndoo na kata za chuma cha pua ambapo mpira hauhitajiki kabisa. Ulaya sheria yao hairuhusu DEHP itumike kulainisha plastiki inayogusa chakula chenye mafuta. Bodi ya Maziwa mkitoa waraka leo kwamba kituo cha kukusanyia maziwa hakitumii mpira wa PVC wa bei rahisi, mi kesho naagiza mwingine, na wenzangu wote wataagiza, maana sisi tunauza kinachotakiwa. Tatizo la bei lipo, nalijua kuliko yeyote, mpira mzuri unaweza kuwa bei mara kadhaa ya ule, kwahiyo mfugaji mdogo asiachwe abebe peke yake, kwenye ushirika inawezekana, kwenye msamaha wa kodi kwa vifaa vya maziwa inawezekana. Kaeni na watu wa fedha mliangalie.

Halafu suala la maandishi. Kila chombo cha plastiki kinachouzwa kwa ajili ya chakula kiandikwe kwa Kiswahili ni plastiki gani na kinafaa kwa moto au hakifai. Hii inaanzia kwa muagizaji, pale mzigo unapoingia, sio kwangu na sio kwa machinga. Mimi nikipokea katoni imeandikwa tu jina la rangi na idadi ya vipande, nikimuuliza wa Kariakoo nae anasema kaletewa hivyo hivyo. Mteja akiniuliza "dada hiki kinafaa chai ya moto?" nataka niwe na kitu cha kumsomea, sio kukisia. Na muhimu kuliko yote, yule mwenye kikombe cha kuwekea vibanio vya nguo akiambiwa aandike, ataandika, na mama atachagua.

Shuleni na kwenye vituo vya watoto, waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri hili lipo mikononi mwenu kabisa. Vikombe vya chuma cha pua. Vinadumu miaka, havivunjiki, vinaoshwa na maji ya moto. Kituo kinapoomba kibali mnakagua vyoo, mnakagua madirisha, kagueni na anachonywea mtoto. Vile vya chuma vina joto la kuunguza mikono nimesikia hiyo hoja, basi wasubiri uji upoe kidogo, au bakuli na kijiko, akina mama wapishi wanajua namna kuliko mimi.

Najua yupo ofisini anasema nchi ina malaria, ina udumavu, hasa hii mikoa yetu yenye chakula tele na watoto waliodumaa, mambo ya thaleti ni ya Wazungu. Namuelewa lakini namkatalia. Mikoa yetu imeambiwa mara ngapi wapeni watoto maziwa, wapeni karanga, tieni mafuta kwenye uji, na tumeitikia, vyakula vyenyewe ndo vya mafuta, ndo hasa vinavyobeba hii dawa. Hatutaki wazazi waache kuwapa watoto maziwa, Mungu apishe mbali, na mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, hakuna kinachoshinda. Tunataka lile lililopendekezwa na serikali yenyewe liwafikie watoto likiwa safi.

Na msiseme haiwezekani. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, wiki chache kabla yake watu walikuwa wanacheka, na sisi wenye maduka tulikuwa na mizigo stoo. Ikawezekana. Kilichobaki ni kwamba sheria ile iliangalia mazingira, mitaro na mifugo, ikaacha vifungashio vya chakula, na upande wa kinachotoka kwenye plastiki kuingia mdomoni haukuguswa. Wenzetu Ulaya walianza na midoli, tangu 2005 wameweka kikomo cha thaleti kwenye vitu vya watoto, Marekani 2008 na wao, wakisema mtoto anaweka mdoli mdomoni. Mdoli anaulamba, uji anaumeza.

Ombi la mwisho nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeshaona mambo yanavyoendaga: tafadhali hii isije ikageuka operesheni. Isiwe siku moja mgambo wanashuka Mwanjelwa wanamwaga supu za watu na kukusanya vikombe kwenye karandinga halafu picha zinapigwa. Mama lishe hakutengeneza kile kikombe. Mkitaka kuongea nao njooni, wako wazi kusikia, wengi wana watoto wanaokula kwenye hizo hizo sufuria. Baadhi yao nilipowaeleza habari ya nailoni kwenye ndizi wameanza kutumia jani la mgomba, bibi zetu walifunika nalo na ndizi zikaiva, na migomba hapa Rungwe haijaisha. Hata mteja wangu mmoja wa maziwa kaniomba nimtafutie mpira wa silikoni, bei ilimshtua, akaomba nimuwekee akikusanya hela atachukua. Nimemuwekea.

Kwahiyo nasubiri waraka wa mipira ya maziwa, nasubiri majibu ya vipimo, na nasubiri siku katoni itafika dukani imeandikwa kilichomo. Mkihitaji mipira iliyokakamaa kwa ajili ya kupima, wateja wanaileta kila mwezi, nimeanza kuihifadhi stoo badala ya kuitupa, nimeandika kila mmoja ulipitisha nini na umetumika kwa muda gani. Mtume mtu aje aichukue.

Ni mimi muuza vifungashio, Mbeya mjini